Ukwapi na Utao wa 15W-40

Maandishi yanayosomwa kuliko yote katika gereji za Kisii na Nyamira hayana hata neno moja. Yako ubavuni mwa mtungi wa oili: tarakimu mbili, herufi, kistari, tarakimu mbili tena. 15W-40. Utayaona Suneka, utayaona Daraja Mbili, utayaona Keroka na Kebirigo, kwenye rafu za maduka ya vipuri na kwenye mitungi mitupu iliyokatwa shingo ikawa ya kuoshea vyuma. Mwenye lori anayajua kwa moyo. Utingo anayajua. Muuza duka hana haja ya kuulizwa. Akiona lori la majani chai limeegeshwa nje, mkono wake huenda wenyewe kwenye rafu.

Ninachodai ni kwamba maandishi haya yana umbo linalomfanya msomaji asikie kipande kimoja na kupuuza kingine, na kwamba jambo kubwa kuliko vipande vyote viwili, yaani joto ambalo injini inafanyia kazi, halikuandikwa popote juu ya mtungi. Mhakiki wa fasihi angeuita huo ukimya wa matini. Mwenye lori huulipia kwa lita za dizeli.

Tuanze na umbo lenyewe. Mshororo wa shairi la kimapokeo hukatwa katikati, kipande cha kwanza kikaitwa ukwapi na cha pili utao, na sikio limezoea kutua hapo kati. 15W-40 imekatwa vivyo hivyo. Kistari ni pumzi. Ukwapi ni 15W, utao ni 40. Ila katika shairi vipande hivyo viwili hupimwa kwa mizani ya aina moja. Hapa kila kipande kina kipimo chake, kwa mashine yake, kwa joto lake.

Kistari hicho ndicho kinachopotosha kwanza. Tumezoea kukisoma kama “kutoka mpaka”: kurasa 15-40, umri wa miaka 15-40. Ndiyo maana wako madereva wazoefu watakaokueleza bila kusita kwamba oili hii hufanya kazi vizuri kuanzia digrii 15 hadi digrii 40. Maelezo hayo yanavutia, kwa sababu mchana wa Gusii uko humo humo, lakini hayana ukweli wowote. Namba hizo zimetoka katika jedwali liitwalo J300, la chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, kilichoanzishwa mwaka 1905. Jedwali lilitoka mara ya kwanza mwaka 1911 na limekuwa likirekebishwa tangu hapo. Humo, 15W ni daraja la oili ambayo kwenye digrii 20 chini ya sifuri bado inairuhusu stata kuizungusha injini, na kwenye digrii 25 chini ya sifuri bado inavutika na pampu. W ni ya majira ya baridi ya huko walikoandika jedwali. 40 ni daraja jingine kabisa: oili iliyopashwa moto hadi digrii 100 ikawa na mnato usiopungua 12.5 wala kufika 16.3, kwa milimita za mraba kwa sekunde. Hiyo 40 si digrii wala si asilimia, na kiwango cha nguvu hakimo kabisa.

Sasa usikilize ukwapi huo ukiwa umesimama Nyamira. Mji wa Kisii uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Nyamira iko juu zaidi. Usiku wa baridi kali huko juu joto hushuka hadi karibu digrii 10. Juu ya sifuri, lakini. Theluji ambayo ukwapi unaitaja haijawahi kugusa Kiabonyoru wala ukingo wa Manga. Kwa hiyo msomaji wa hapa huusikia ukwapi kama pambo, kama maneno ya sherehe ambayo mtu huyapisha ili afike kwenye hoja. Hoja anaikuta kwenye utao. 40. Na kwa kuwa utao ndio anaousikia, anaupa maana anayoihitaji: namba ikipanda, oili ni nzito, oili ikiwa nzito, ina nguvu. Kutoka hapo hadi 20W-50 ni hatua moja, hasa injini ikiwa imechoka na inatoa moshi wa buluu ikipanda mlima.

Usomaji huo haukuzuka kwa ujinga. Mtungi wenyewe unauchochea. Utao umeandikwa mwisho, mahali ambapo Kiswahili huweka uzito. Una namba kubwa kuliko ya ukwapi. Na hauna herufi ya kuusumbua. Ungeandikwa 40-15W, nadhani mazungumzo ya gereji yangekuwa tofauti kidogo.

Lakini tazama kilichoachwa. Ukwapi unazungumzia digrii 20 chini ya sifuri. Utao unazungumzia digrii 100 juu yake. Kati ya pumzi na pumzi kuna digrii 120 ambazo hakuna aliyezisemea, na maisha karibu yote ya lori la Nyamira yamo ndani ya pengo hilo.

Tulijaze. Oili ya kawaida ya 15W-40 ina mnato wa kama 110 kwenye digrii 40 na kama 14 au 15 kwenye digrii 100. Takwimu hizo hutolewa na watengenezaji katika karatasi za bidhaa zao, ambazo hazipandi juu ya mtungi. Ukizipitisha kwenye fomula inayotumiwa na wataalamu wa vilainishi kupata joto la katikati, kwenye digrii 70 unapata karibu 34. Kwenye digrii 15, asubuhi dereva anapowasha gari kwenda kuchukua majani, unapita 400. Oili ni ile ile, mtungi ni ule ule, na kwenye digrii 70 ni nzito zaidi ya mara mbili ya ilivyo kwenye digrii 100. Sasa linganisha na tofauti inayobishaniwa dukani, ya 30 na 40: kwenye digrii 100, oili ya daraja la 30 huwa na mnato wa kama 11 na ya daraja la 40 kama 14 na nusu. Theluthi moja tu. Digrii 30 za joto zimeushinda utao kwa mbali.

Mnato huo unalipiwaje? Kila mzunguko wa krankishafti ndani ya beringi, kila pistoni inapopanda na kushuka, kila tone ambalo pampu inalisukuma, injini inafanya kazi ya kuikata oili kabla haijafanya kazi ya kuvuta mzigo. Mwaka 2014 watafiti wa Finland na Marekani, akiwamo Kenneth Holmberg wa taasisi ya VTT, walikadiria kwamba katika malori na mabasi theluthi moja hivi ya nishati ya mafuta huishia kwenye msuguano, wakijumlisha injini, gia, magurudumu na breki. Oili ya injini ina sehemu tu ya theluthi hiyo. Ndiyo maana faida ya kubadili daraja peke yake ni ndogo. Baraza la Amerika Kaskazini linaloshughulikia ufanisi wa usafirishaji wa mizigo, NACFE, liliwaambia wenye malori watarajie kuokoa kati ya asilimia 0.5 na 1.5 wakihama kutoka 15W-40 kwenda 10W-30 au 5W-30. Hayo ni malori ya barabara kuu za Marekani, yanayokimbia saa nyingi bila kusimama, oili ikiwa imeshapata moto.

Asilimia moja ni kitu? Chukua lori linalomeza lita 40 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Ni lita 12,000. Asilimia moja ni lita 120, na dizeli ikiwa shilingi 170 kwa lita hizo ni shilingi 20,400. Si pesa ya kujenga nyumba, lakini hakuna mwenye lori Keroka atakayeiokota barabarani akairudisha.

Mtungi una maandishi mengine, na ni haki kuyasoma kabla ya kuuacha. Juu ya mitungi ya kampuni zenye leseni ya taasisi ya petroli ya Marekani, API, kuna duara lenye duara jingine ndani yake. Katikati kuna namba za SAE. Nusu ya juu ya ukingo kuna daraja la ubora: CH-4, CI-4, CK-4, herufi C ikiwa ya injini za dizeli. Nusu ya chini ndiyo inayonivutia. Katika oili za magari madogo ya petroli, hapo chini huandikwa kwamba oili imethibitishwa kuokoa mafuta. Katika oili ya dizeli nusu hiyo mara nyingi ni tupu. Mwenye gari dogo la kwenda kanisani anaambiwa habari ya mafuta; mwenye lori linalokunywa lita 40 kwa siku anaachiwa ukingo mweupe. Tangu Desemba 2016 kuna daraja la dizeli lililotungwa kwa ajili ya kuokoa mafuta, FA-4, na duara lake limetiwa rangi upande mmoja ili lisichanganywe na mengine. Rangi hiyo ni onyo pia, kwa sababu oili hiyo ni nyepesi kuliko injini nyingi za zamani zinavyovumilia. Anayeileta Kisii aiweke katika injini iliyotengenezwa kabla ya daraja hilo kuwapo anacheza kamari na beringi zake.

Maandishi ya pili ambayo dereva anasoma kila siku yako mbele yake, kwenye dashibodi. Ni geji ya joto. Umbo lake ni upinde mfupi, C upande mmoja, H upande wa pili. Namba hakuna. Tazama rangi: upande wa H una mstari mwekundu, upande wa C kwa kawaida hauna rangi yoyote ya kutisha. Geji hiyo ni hadithi yenye adui mmoja. Inamfundisha dereva kwamba ubaya uko kulia tu, na kwamba mshale ukilala kushoto au ukasimama chini ya katikati, mambo ni salama, tena salama zaidi. Hakuna mahali inapomwambia kwamba kushoto nako kuna hasara. Juu ya hayo, inapima maji, haipimi oili. Maji hupata moto mapema. Oili iliyo chini kwenye sampu huchelewa, na mshale ukiwa umefika katikati oili bado iko nyuma. Na kuna uongo mmoja wa hatari ambao geji husema bila kusita: maji yakipungua hadi kitambuzi kikabaki hewani, mshale hurudi kwenye C wakati injini inaungua.

Matini hizi mbili zikisomwa pamoja, mtungi unaosifu uzito na geji inayoogopa moto tu, zinazaa mazungumzo ambayo yeyote aliyekaa kwenye gogo la gereji ya jua kali ameyasikia:

“Fundi, imechemka tena pale mlimani.”

“Ulikuwa umebeba nini, mzee?”

“Ndizi tu. Si mzigo wa kuchemsha gari.”

“Basi ni themostati. Hiyo ni ya nchi za baridi, mzee. Huku haina kazi. Tuitoe tu.”

Themostati inatolewa, nyumba yake inafungwa kwa gasketi mpya, na lori linaondoka. Tambua hoja iliyotumika. Ni ile ile iliyotumika kuuruka ukwapi: W ni ya nchi za baridi, na themostati ni ya nchi za baridi. Vitu viwili vya injini vinavyoshughulika na upande wa kushoto wa geji vimetiwa kwenye kapu moja la mambo ya theluji.

Ukiishika themostati mkononi utaona kwamba haina uhusiano na theluji. Ni bamba la duara, kifuko cha shaba chini yake, na springi. Ndani ya kifuko kuna nta. Nta ikiyeyuka hutanuka, inasukuma kipini, mlango unafunguka na maji yanaruhusiwa kwenda kwenye rejeta. Ikipoa, springi inaufunga. Nyingi za malori ya dizeli huanza kufunguka kwenye digrii 82 au karibu na hapo, na hufunguka kabisa kwenye kama 95. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake haraka na kuishikilia hapo, iwe ni Oslo au Ikonge. Ukiitoa, maji yanapita kwenye rejeta tangu asubuhi, na kwenye baridi ya mita 1,900 lori lisilo na mzigo linaweza kushinda siku nzima bila kufika joto ambalo lilitengenezewa. Pale ndipo ile 34 badala ya 14 inapotoka kwenye hesabu na kuingia kwenye tangi.

Msuguano si hasara pekee. Silinda ikiwa baridi, dizeli haichomeki kwa ukamilifu. Mvuke wa maji na tindikali kutoka kwenye moshi hugeuka matone kwenye kuta zake badala ya kutoka. Tangu miaka ya 1930 watafiti wa Uingereza walishaonyesha kwamba silinda zinazoendeshwa baridi huliwa haraka kuliko zinazoendeshwa zikiwa na moto wake. Ushahidi mwingine hauhitaji maabara. Fungua mfuniko wa kujazia oili wa lori linalokwenda safari fupi fupi bila themostati, utazame upande wa ndani. Ukikuta utando mweupe kama maziwa mgando, hayo ni maji ambayo oili haikuwahi kupata moto wa kuyafukuza.

Na hilo lori lililochemka? Hapa Kisii ina hadithi yake, ambayo geji haiwezi kuisimulia. Kwenye usawa wa bahari maji huchemka kwenye digrii 100. Kwenye mita 1,700 huchemka kwenye kama 94. Kwenye mita 2,000, kama 93. Injini huendelea kuwa salama kwa sababu mfuniko wa rejeta huyafungia maji kwa shinikizo. Mfuniko mzima unaoshikilia shinikizo la takriban baa 0.9 hukipandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu 115, hata Nyamira. Raba yake ikichakaa au springi ikalegea, lori lililokuwa zima Mombasa litachemka Gusii kwenye joto ambalo ni la kawaida kabisa kwa injini. Dereva anaona mvuke, fundi anatoa themostati, na mfuniko mbovu unarudishwa mahali pake. Bei ya raba hiyo ukiilinganisha na dizeli ya mwezi mmoja ni aibu kuitaja.

Kuna zaidi. Katika injini nyingi themostati ikifunguka hufunga kwa upande wake wa chini njia ya mkato ambayo maji hupitia injini inapokuwa baridi. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Lori hilo litakuwa baridi mno likishuka tupu kuelekea Rongo, na moto mno likipanda limejaa. Aliyeitoa ili lisichemke amelifanya lichemke mlimani.

Hata kipimo cha gereji kinahitaji kusomwa kwa makini huku juu. Fundi mwangalifu huitundika themostati kwa kamba ndani ya sufuria ya maji jikoni aone kama itafunguka. Kisii maji hayo hayatavuka digrii 94 hata ukiongeza makaa, kwa hiyo mlango utafunguka lakini hautafunguka wote. Themostati nzima ikitupwa kwa sababu hiyo, imehukumiwa na mwinuko.

Sasa turudi kwa anayeuliza ni oili gani aweke, maana baada ya kuusifu moto hivi mtu anaweza kudhani natetea oili nyepesi kama maji. Mjerumani Richard Stribeck alionyesha mwaka 1902 kwamba msuguano wa beringi hupungua kadiri utando wa oili unavyokuwa mwepesi, hadi unafika chini kabisa. Ukipita hapo, utando unakatika, chuma kinagusa chuma, na msuguano unaruka juu ghafla. Kinachouamua ni mnato, kasi na mzigo kwa pamoja. Weka hayo kwenye barabara kutoka Suneka kupanda Kisii mjini: gia ya chini, mizunguko michache, mawe ya sabuni ya Tabaka nyuma. Kasi ndogo, mzigo mkubwa. Hapo ndipo J300 ina kanuni ambayo namba ya mtungini haiisemi waziwazi: 15W-40 hupimwa pia kwenye digrii 150 ikiwa inakatwa kwa kasi kubwa, na mnato wake hautakiwi kushuka chini ya 3.7, kwa milipaskali-sekunde. Daraja la 30 linaruhusiwa kushuka hadi 2.9. Kwa injini ya zamani iliyobuniwa kwa 40, tofauti hiyo ndiyo ngozi kati ya shafti na beringi.

Kwa hiyo hukumu yangu haifanani kwa malori yote, na mtungi hauwezi kuitoa. Lori la ndizi linalotoka Kisii usiku, likapita Sotik, Bomet na Narok hadi Nairobi, linaendesha oili ikiwa na moto wake kwa saa nyingi. Likiwa la kisasa na kitabu chake kikiruhusu 10W-30 ya CK-4, hilo ndilo linaloweza kuichuma ile asilimia moja. Lori la majani chai linalozunguka vituo vya kununulia majani ya Tombe au Sanganyi, likisimama, likinguruma bila kwenda, likizimwa na kuwashwa, halitaichuma kwa kubadili utao. Litaichuma, na zaidi yake, kwa kupata moto mapema. Kwa hilo ukwapi unapata maana ambayo msomaji aliunyima: oili ya 5W-40 au 10W-40, ingawa iliitwa hivyo kwa ajili ya theluji, kwa kawaida huwa nyepesi kidogo kuliko 15W-40 hata kwenye digrii 15 za alfajiri, na kisha hufika kwenye 40 ile ile mlimani. Ni ghali zaidi, na kwa lori la zamani linalovuja sidhani kama bei hiyo inarudi.

Kuhusu 20W-50 katika injini inayotoa moshi wa buluu, nitasema neno moja. Inaficha moshi kwa muda, inaongeza mnato katika kila mzunguko, na ringi zilizokwisha zinabaki zimekwisha.

Matini iliyotungwa vizuri kuliko zote haiko gerejini. Ni mchoro wa ukurasa mmoja unaopatikana katika vitabu vya matumizi vya malori mengi ya Kijapani: mstari wa joto la nje umelala chini, kutoka baridi kali kushoto hadi joto kali kulia, na juu yake vipande vya upana tofauti, kila kimoja na daraja lake la oili, kikianzia pale oili hiyo inapofaa na kuishia inapokoma kufaa. Mchoro huo unatenda ambacho 15W-40 imeshindwa: unamwonyesha msomaji mahali alipo. Weka kidole kwenye digrii 10, kisha kwenye 28, na umepata Nyamira. Kipande cha 15W-40 kinapita pote humo, na cha 10W-30 mara nyingi pia. Kasoro zake ni mbili. Unazungumzia hewa ya nje, ukichukulia kwamba themostati iko mahali pake. Na umefungiwa katika kitabu ambacho lori linapouzwa mara ya tatu huwa hakipo tena, au kipo kwa Kijapani.

Kibandiko cha sevisi kinachoning'inia chini ya usukani ni maskini zaidi. Kina nafasi mbili, kilometa za sasa na kilometa za sevisi ijayo. Lori la majani chai linalonguruma kituoni likisubiri magunia halisogezi hata kilometa moja, na oili inachakaa. Nafasi ya saa haikuchapwa.

Alama ya ubora ya shirika la viwango la Kenya, KEBS, kwa upande wake, ina adabu ya kumwalika msomaji aijibu: tuma SM# ikifuatwa na namba ya kibali iliyoandikwa chini ya alama kwenda 20023, utajibiwa bidhaa ni ya nani. Kwa biashara ambayo mitungi mizima iliyotumika haikosi mnunuzi wa kuijaza upya, hayo ni maandishi yenye faida. Mtungi ukiisha, utoboe.

Na ukienda kununua themostati, usikubali kuchaguliwa kwa ukubwa wa duara tu. Igeuze utazame ukingo wa bamba: joto la kufunguka limepigwa muhuri hapo, mara nyingi 82 au 76.5, na hizo ni digrii za kweli. Mwambie fundi akurudishie ile iliyoandikwa katika kitabu cha injini yako, pamoja na mfuniko wa rejeta unaoshika shinikizo, kabla hujamlipa kwa oili ya aina yoyote.